Mgeni njoo, lakini je, mwenyeji atapona?

Mnamo mwezi Julai mwaka 2023 kuna picha moja iliyosambaa duniani kama moto wa makuti. Ilikuwa ni picha ya kuchora, ikionyesha meli ya kitalii ambayo wakati huo ilikuwa bado mikononi mwa mafundi huko Finland. Ilionekana kwa nyuma: sitaha juu ya sitaha, mabwawa ya kuogelea, na mabomba makubwa ya kutelezea majini, ya rangi kali kama pipi za watoto. Jina lake Icon of the Seas, mali ya kampuni ya Royal Caribbean.

Watu waliiona wakagawanyika. Wapo waliosema hawajapata kuona kitu kizuri kama kile, wakaanza kuulizia nauli. Wapo walioiita zimwi. Wengine waliikumbuka Titanic, wakaapa kwamba hata wakipewa tiketi ya bure hawapandi.

Tarehe 23 Januari 2024 meli yenyewe ilizinduliwa katika bandari ya Miami, Marekani. Aliyealikwa kuizindua ni mchezaji kandanda Lionel Messi. Aliuweka mpira mahali palipotengenezwa maalumu, na chupa ya shampeni ikapasuliwa ubavuni mwa meli. Siku nne baadaye iliondoka kwa safari yake ya kwanza ya siku saba katika bahari ya Karibi. Mwezi Agosti 2025 pacha wake, Star of the Seas, nayo ikaanza kazi. Lakini ubishi haujaisha, na ndio ninaotaka tuuzungumzie wiki hii.

Kwanza tujue tunachobishania. Urefu wa meli hii ni mita 365. Chukua viwanja vitatu vya mpira, uvipange kimoja mbele ya kingine, na bado meli itavizidi kwa mita 50. Ina sitaha 20 na mabwawa saba ya kuogelea. Ikijaa kabisa inachukua abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni 2,350. Ukijumlisha, unakaribia watu 10,000 ndani ya chombo kimoja. Ukubwa wake ni tani 248,663. Hapa niseme neno dogo, maana wengi hukosea. Tani hizi si za uzito wa kuweka mizanini, ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya chombo. Titanic, iliyotikisa dunia mwaka 1912, ilikuwa na tani zipatazo 46,000. Kwa hiyo Icon ni kama Titanic tano.

Sasa tuwasikilize wanaoisifu, kwani si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikia.

Watu wa Turku, mji wa Finland ilikojengwa, wana kila sababu ya kutembea kifua mbele. Kiwanda chao cha meli kilikuwa na hali mbaya, hata mwaka 2014 ikabidi serikali ya nchi hiyo ishirikiane na kampuni ya Meyer ya Ujerumani kukinunua ili kisife. Kwa mchomeaji vyuma wa Turku meli hii ni ugali wa watoto wake, haimhusu kama ni nzuri au mbaya machoni pa watu.

Na abiria je? Baba na mama wenye watoto watatu wanataka mapumziko. Humo ndani watoto watateleza majini, bibi atatazama maonyesho, chakula kipo, kitanda kipo, na asubuhi wanaamkia nchi nyingine bila kufungasha mizigo. Ni raha iliyonunuliwa kwa fedha halali. Mimi sioni dhambi yao.

Wanaoilaani nao wana yao. La kwanza ni hofu. Chombo kikubwa namna hii kikipata ajali, watu 10,000 watatokaje? Hofu hiyo si ya kubeza. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia, iliyokuwa na watu zaidi ya 4,200, ilijigonga mwambani karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, hatua chache tu kutoka nchi kavu, na watu 32 wakapoteza maisha. Lakini tuseme kweli: Titanic ilikuwa na mashua za kuokolea nusu tu ya watu wake, na sheria za kimataifa zilizoanza kuandikwa mwaka 1914 kwa sababu ya msiba ule zimefunga mlango huo. Siku hizi kila mtu lazima awe na nafasi katika mashua au boya la kuokolea. Kilichoizamisha Costa Concordia ni nahodha kuisogeza meli karibu mno na kisiwa. Ukubwa wa chombo haukuwa na kosa.

La pili ni moshi. Kampuni inajivunia kwamba Icon inatumia gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, badala ya mafuta mazito meusi. Ni kweli kwamba gesi hiyo haitoi masizi kama mafuta hayo, na hewa ya ukaa inayotoka ni pungufu. Tatizo ni kwamba sehemu ya gesi hupita katika injini bila kuungua, ikatoka nje kama methani. Na methani, kwa kipindi cha miaka 20, hutia dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa. Mwaka huo huo wa 2024 baraza la kimataifa la usafiri safi, ICCT, lilichapisha vipimo vya injini za aina inayotumika sana katika meli za kitalii, likakuta kwamba kwa wastani asilimia 6.4 ya gesi inapotea hivyo. Kanuni za Ulaya zilikuwa zinakadiria asilimia 3.1. Hiyo ni mara mbili na zaidi. Kwa hiyo anayeiita meli safi na anayeiita meli chafu wote wana ushahidi mkononi, inategemea unapima moshi gani.

Ndugu wasikilizaji, hoja hizo zote ni nzito. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo katika kelele za kusifu na kulaani halisikiki sawasawa. Nalo ni huyu anayepokewa na huyu anayempokea.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake mgeni anapoingia nyumbani, kuku anachinjwa, na mwenyeji naye anapata kunusa mchuzi. Katika utalii tuliouzoea ndivyo inavyokuwa, angalau kwa kiasi. Mtalii anashuka uwanja wa ndege, anapanda teksi, analala hotelini, anakula mgahawani, ananunua kinyago, anamlipa mtembezi. Fedha yake inapita mikono mingi kabla hajaondoka.

Lakini mgeni wa meli kubwa anakuja na kitanda chake. Amekuja na jikoni lake, baa yake, duka lake na bwawa lake. Anashuka saa tatu asubuhi, saa kumi jioni anarudi chomboni, kwani huko chakula ameshakilipia. Wahenga walisema tena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata usiku mmoja hafikishi. Kadiri meli inavyokuwa kubwa na yenye raha nyingi, ndivyo sababu ya kushuka inavyopungua. Hapo ndipo ukubwa unapogeuka kuwa jambo la mwenyeji.

Tutazame Falmouth, mji mdogo wa kale huko Jamaika, wenye majumba ya enzi ya sukari na utumwa. Mwaka 2011 ilifunguliwa pale bandari mpya, iliyojengwa na mamlaka ya bandari ya nchi hiyo pamoja na Royal Caribbean, ili meli kubwa kuliko zote za wakati ule ziweze kutia nanga. Bahari ilichimbwa, matumbawe yakahamishwa. Meli zikaja kweli, na maelfu ya watu ndani yake. Lakini ndani ya ua wa bandari kulijengwa maduka, na wafanyabiashara wadogo wa mjini wakalalamika kwamba wageni wananunua humo humo, au wanapakiwa mabasi kwenda kwingine, na mji wenyewe unapitwa. Nchi ilipata bandari. Muuza vinyago aliyesimama nje ya geti alikuwa na hesabu yake tofauti.

Isitoshe, siku hizi kampuni zina visiwa na fukwe zao wenyewe. Icon hupeleka abiria CocoCay, kisiwa cha Bahama ambacho kampuni hiyo hiyo inakiendesha. Mgeni anatoka katika duka la mwenye meli, anatembea gatini, anaingia katika duka la mwenye meli. Bahama inapata ada na ajira, hilo sikatai. Lakini muuza nazi wa kando ya barabara hana pa kusimama.

Je, mwenyeji anaweza kusema basi? Wengine wamejaribu. Venisi, baada ya miaka mingi ya manung'uniko, na baada ya meli moja kubwa kugonga gati na mashua ya watalii mwaka 2019, serikali ya Italia ilizipiga marufuku meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko kuanzia Agosti 2021.

Key West, mji wa kisiwani katika jimbo la Florida, wakazi walipiga kura Novemba 2020 wakataka meli kubwa zizuiwe. Mwaka uliofuata sheria ya jimbo ikaifuta kura yao. Mwenye nyumba alifunga mlango, na mwenye ufunguo akaufungua.

Na Juneau, Alaska, ni mji wa watu kama 32,000 uliopokea abiria wa meli zaidi ya milioni moja na nusu katika mwaka 2023. Mji ulikubaliana na kampuni kwamba kuanzia 2024 zisizidi meli kubwa tano kwa siku. Oktoba 2024 wakazi wakaulizwa: je, Jumamosi tupumzike kabisa, meli zisije? Wengi walisema hapana. Si kwamba walipenda msongamano. Walijua ni nani anayewalipa mshahara. Hivyo msidhani kwamba wenyeji daima wako upande mmoja na matajiri upande mwingine. Ubishi uko ndani ya mji, ndani ya nyumba, pengine ndani ya moyo wa mtu mmoja.

Tusiwasahau pia wale 2,350 wa ndani, wanaotandika vitanda na kuosha sahani miezi mfululizo, wengi wao wakitoka Ufilipino, India, Indonesia na nchi nyingine za watu wa kawaida. Meli inatoka Miami lakini inapeperusha bendera ya Bahama, na kampuni yenyewe imeandikishwa Liberia. Kwa wenye meli ni hesabu nzuri ya kodi na sheria. Kwa mfanyakazi, siku ya matatizo, ni swali: nikalalamike wapi? Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, abiria walirudishwa makwao, na maelfu ya wafanyakazi wa meli za kitalii wakabaki baharini kwa wiki na miezi, bandari zikiwafungia milango.

Mtaniuliza, sisi yanatuhusu nini? Icon haikujengwa kwa ajili ya pwani yetu. Ni kweli. Lakini meli za kitalii, ndogo kuliko hiyo, zinafika Mombasa na Zanzibar, na Mombasa imekwisha jenga jengo la kupokea abiria wake. Vijana wetu nao wameanza kuajiriwa humo. Ni heri, na mimi ni wa kwanza kusema mgeni njoo. Ila meli zinazidi kukua, na itafika siku mtu atakuja na ramani mkononi aseme: chimbeni mlango wa bandari yenu, ongezeni gati, nasi tutawaletea watu 5,000 kwa siku moja.

Siku hiyo tusiulize kwanza meli ina mabwawa mangapi. Tuulize ada ya kila abiria ni kiasi gani, na inaingia mfuko gani. Tuulize duka la ndani ya geti ni la nani. Tuulize mwenye ngalawa, mpika urojo na mtembeza wageni atasimama wapi. Tuulize matumbawe yakishavunjwa, mvuvi atalipwa na nani. Na mwisho tuulize hivi: kampuni ikibadili njia mwaka kesho, deni la gati tutalilipa kwa nini? Maana meli ina nanga ya kung'oa. Bandari haina.

Wanaobishana kama meli ile ni malaika au ni zimwi waendelee, kila mtu na macho yake. Mwenyeji mwenye busara hampimi mgeni kwa ukubwa wa kanzu yake. Anatazama chungu cha nyumbani, baada ya mgeni kuaga.