Msimulizi Naye Ni Mtafiti

Mwaka 1903, Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha desturi za Waswahili. Kitabu kilijulikana kwa jina la Velten, ilhali sehemu kubwa ya maelezo yake iliandikwa kwa Kiswahili na Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo aliyefundisha lugha hiyo Berlin. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likawekwa kwenye anwani. Watafiti wa tamaduni wajifunze hapa: mwenyeji anayeeleza mila zake ni mwanazuoni mwenzao, na anastahili kutajwa hivyo.

Wapo watakaosema kwamba Velten ndiye aliyekusanya, akapanga na kuchapisha, na kwamba mgeni huona yale ambayo mwenyeji ameyazoea mno. Ni kweli, na kazi hiyo iheshimiwe kama uhariri. Lakini jicho la mgeni huuliza tu. Jibu hutoka kwa mwenyeji. Tena kumtaja msimulizi si hisani, ni sharti la elimu yenyewe. Tukijua kwamba Mtoro alikuwa mwanamume, Mwislamu na msomi wa mji wa pwani, tunaweza kuyapima aliyoandika kuhusu wanawake na watumwa. Ushahidi usio na mwenyewe haupimiki. Anayeomba jina lake lifichwe kwa usalama wake asitiriwe, asiyeomba, asifutwe. Vyuo vyetu na vilifanye hilo sharti la kila utafiti.