Tovuti Yako kwa Programu Huria: Mada kwa Wakazi wa Mugumu



Mara nyingi vijana hufika ofisini kwangu na ombi moja. Mchonga vinyago, mfuga nyuki au muongoza watalii huleta picha za kazi yake na kuomba ziwekwe katika tovuti ya Halmashauri. Kwa masikitiko hulazimika kumjibu kwamba tovuti ile ni ya shughuli za umma. Siku ya leo nimekuja na jibu lililo bora zaidi: unaweza kujijengea tovuti yako mwenyewe, tena kwa gharama ndogo, kwa kutumia programu huria.

Ndugu wananchi, neno "huria" halina maana ya "bure" peke yake. Programu huria ni ile ambayo sheria yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza namna ilivyoundwa, kuirekebisha na kumgawia jirani. Ni kama mbegu uliyopewa na ruhusa ya kupanda, kuhifadhi na kugawa. Nchini mwetu jambo hili si geni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Waliweza kuitafsiri kwa sababu ilikuwa huria.

Hapa kwetu upo mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map Tanzania, wa kuchora vijiji vya nchi yetu katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali walichora barabara na nyumba kwa kutazama picha za setilaiti. Wenyeji, wakiwa na simu mikononi, wakaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililopo hapa Mugumu, limeitumia ramani hiyo katika kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Kwa msichana anayesubiri msaada usiku, kijiji kisichoonekana katika ramani ni hatari. Ramani hiyo hiyo unaweza kuiweka katika tovuti yako ili mgeni aijue njia ya karakana yako. Sharti lake ni kutaja chanzo chake.

Sasa tuingie katika ujenzi wenyewe.

Kwanza, anza na karatasi na kalamu. Andika wewe ni nani, unafanya kazi gani, unapatikana wapi, na mtu akufikie kwa njia ipi. Majibu hayo manne yanatosha kuwa tovuti. Wengi hukwama kwa sababu hutafuta rangi na mapambo kabla ya kuwa na maneno.

Pili, chagua programu. Ninayoipendekeza ni WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003, ambayo leo inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani. Mwenye kuanza anaweza kufungua ukurasa wa bure katika WordPress.com hata kwa simu. Ila jina la tovuti litabeba jina la kampuni hiyo, na matangazo yake yanaweza kuonekana.

Tatu, ukishazoea, kata jina lako mwenyewe, yaani kikoa. Vikoa vya .tz vinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na huuzwa na wasajili walioidhinishwa. Mfanyabiashara huchukua .co.tz; .go.tz ni ya taasisi za Serikali pekee. Kikoa hulipiwa kwa kipindi maalumu, na usipolipa kinapotea. Utahitaji pia nafasi katika seva, ambako mafaili ya tovuti hukaa.

Hapa naomba tutulie kidogo. Tovuti yangu ya kwanza, kabla sijaajiriwa, nilijengewa na fundi ambaye simtaji. Alisajili kikoa kwa jina lake na barua pepe yake, nami sikuuliza. Tulipokosana juu ya malipo, tovuti ilizimwa, na maandishi yangu ya miaka miwili yakapotea kwa kuwa sikuwa na nakala. Kosa nusu lilikuwa langu. Kwa hiyo, hata ukimlipa fundi, kikoa kisajiliwe kwa jina lako, nywila uwe nazo wewe, na kila mwezi utoe nakala rudufu na kuihifadhi mahali pengine. WordPress ina sehemu ya kutoa nakala ya maandishi yote. Picha zako zihifadhi kando.

Nne, punguza picha. Picha ya simu yaweza kufika megabaiti 4. Picha kumi ni megabaiti 40, na anayezilipia ni mgeni wako kwa bando lake. GIMP, ambayo nayo ni programu huria ya kompyuta, itaipunguza kila picha hadi kilobaiti 150, na zote kumi zitakuwa megabaiti moja na nusu tu.

Tano, linda tovuti. Sasisha programu kila inapokuomba, na nywila ya tovuti isiwe ile ya barua pepe.

Sita, heshimu watu na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za kila mtu. Usiweke picha ya mtu bila ridhaa yake, wala picha ya mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa msichana aliyekimbia ukeketaji, picha moja yenye jina la mahali alipo inaweza kuwaonyesha njia wale anaowakimbia. Huyo usimweke kabisa. Na ukikusudia kurusha habari na matukio, iulize kwanza TCRA kuhusu leseni.

Ndugu wananchi, wageni wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kupitia lango la Ikoma wanapita karibu na milango yetu. Wengi huamua watalala wapi na wataongozwa na nani wakiwa bado kwao, kwa kusoma mtandaoni. Asiyeandikwa huko huandikiwa na wengine, na bei hupangiwa na wengine.

Mwenye karatasi yake yenye majibu manne aje nayo katika ofisi ya Halmashauri, tuanze pamoja ukurasa wa kwanza.