Mchezo wa Nyumbani Nao ni Akiba

(Mada iliyotolewa na mwanachama ambaye ni mwalimu wa darasa la awali, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Wazo, Dar es Salaam)



Kwanza kabisa napenda kuchukua nafasi hii kukupongezeni. Miaka kumi ya kukaa mkekani, kununua hisa, kufungua sanduku kwa funguo tatu na kulifunga tena bila senti kupotea, akina mama, hiyo si mchezo! Lakini mimi leo nimeambiwa nizungumzie mchezo. Mada niliyopewa ni michezo ya nyumbani inayomsaidia mtoto kujifunza kabla hajaanza shule. Nimeikubali kwa sababu inagusa sanduku letu.

Sote tunajua mikopo yetu inakwenda wapi: mtaji, ujenzi, na ada. Na siku hizi ada inaanza mtoto akiwa na miaka mitatu. Mama anauza vitumbua, anahangaika na marejesho kila wiki, ili mtoto akakae kwenye dawati anakili herufi asubuhi hadi mchana. Sisemi chekechea ni mbaya; mimi mwenyewe ugali wangu unatoka humo. Na mama anayetoka alfajiri kwenda kufuata samaki Feri lazima apate mahali salama pa kumwacha mwanawe. Ninachosema ni kwamba kama unakopa kwa kuamini kuwa mtoto wa miaka mitatu bila daftari ameachwa nyuma, basi huo ni mkopo wa hofu. Utaulipa wewe, na mtoto naye ataulipa kwa kuichukia shule mapema.

Nasikia sana malalamiko haya: "Mwalimu, mbona daftari tupu? Mtoto anacheza tu huko?" Ndiyo mama, anacheza. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 wenyewe ulitaka tufundishe kwa michezo na tuwe na kona za ujifunzaji darasani. Elimu ya awali iliingizwa rasmi katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia darasa hilo. Na Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, yenye mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Hilo la mwisho halisubiri shule. Linaanzia uani kwetu.

Sasa tucheze nini? Nitataja michezo ambayo wengi wetu tumekua nayo.

Kwanza, michezo ya kuhesabu. Hapa Wazo kokoto hatuzitafuti mbali. Kilima chetu kinalisha kiwanda cha saruji tangu mwaka 1966. Chimba kishimo, weka kokoto, mcheze mdako. Unarusha jiwe moja juu, unazitoa kokoto, unalidaka, kisha unazirudisha na kubakiza idadi mliyokubaliana. Mtoto wa miaka mitano anajifunza kuongeza na kutoa, na jicho na mkono vinazoea kufanya kazi pamoja, jambo ambalo kesho litamsaidia kushika penseli. Mdogo zaidi mpe kokoto tano tu azipange. Mkifika kumi, msikilizishe lugha yetu ilivyo nyepesi: kumi na moja, kumi na mbili. Hesabu imo ndani ya neno lenyewe.

Mwenye genge amwite mtoto wakati wa kupanga mafungu. "Nyanya nne hapa, nne pale. Hili fungu limepungukiwa na ngapi?" Mwenye kupima mchele amwache mtoto ahesabu vibaba vinne mpaka pishi itimie. Hiyo ni hesabu ya kweli, na kazi yako haijasimama.

Pili, michezo ya kutenganisha. Mpe vizibo vya soda avipange kwa rangi. Mpe maharage na kunde zilizochanganyika azitenge. Mpe vitambaa vya fundi cherehani apange kirefu na kifupi. Anayejua kuona kinachofanana na kinachotofautiana hatasumbuka sana kutofautisha b na d.

Tatu, michezo ya lugha. Hii haihitaji hata kokoto. Mko jikoni, sufuria iko motoni: "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mwache afikiri, akosee, akupe mji, umtajie jibu kuwa ni yai. Kisha mwulize kwa nini yai ni nyumba. Hapo ndipo akili inapofanya kazi. Mchezo mwingine: wewe unasema "ma", yeye anatafuta maneno: maji, mama, maembe. Wakubwa kidogo wafundisheni kinyume, mchezo wa zamani wa watu wa pwani, wa kulileta mbele pande la mwisho la neno: kitabu kinakuwa bukita. Watacheka mpaka wachoke, kumbe wanajifunza silabi, ambazo ndizo msingi wa kusoma Kiswahili.

Nne, michezo ya kusubiri. Msishangae, kusubiri nako kunafundishwa. Katika kombolela mtoto anafumba macho, anahesabu, hachungulii. Aliyejificha ananyamaza ingawa anataka kucheka. Mtoto aliyezoea hivyo ataweza kungoja zamu yake darasani. Na sisi tunaongoja zamu ya mkopo tunajua thamani ya hilo!

Tano, duka. Vizibo ni fedha, majani ni mchicha, mchanga ni sukari. Mwacheni mtoto awe muuzaji, nawe uwe mteja msumbufu: "Punguza kidogo bwana! Chenji yangu iko wapi?" Akizoea, mwonyesheni sarafu halisi, ya hamsini, mia, mia mbili na mia tano, aone ipi kubwa kwa umbo na ipi kubwa kwa thamani.

Ndugu zangu, naomba tahadhari. Kokoto, vizibo na maharage si vya mtoto wa chini ya miaka mitatu; ataweka mdomoni, au atatia puani, na tutaishia kukimbizana hospitali. Mdogo huyo mpe mpira wa matambara, vikombe vya plastiki, sufuria ya kupiga ngoma. Tena, mitaa yetu imejaa nyumba, na malori ya mawe na saruji yanapita. Mchezo wa kukimbia uwe ndani ya ua, na pawepo mtu mzima.

Kuna anayesema, "Mwalimu, mimi narudi saa mbili usiku, nacheza saa ngapi?" Swali la haki kabisa. Sikuombi saa nzima. Kitendawili kimoja wakati wa kumwogesha, kuhesabu vidole wakati wa kumvisha, inatosha kuanzia. Mfundishe na dada anayebaki naye, maana yeye ndiye anayekaa na mtoto mchana kutwa. Akina baba nanyi, bao mnalocheza barazani lina mashimo 32 na kete 64. Mtoto akikupakatia miguuni, usimfukuze. Mwambie akuhesabie kete.

Na runinga na simu? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Runinga inasema, lakini haimngojei mtoto ajibu. Mama anangoja.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Kila siku ya kikao watoto wanakuja nasi, na kazi yetu ni kuwaambia "kaa kimya". Naomba kando ya sanduku letu tuweke kikapu: vizibo, kete, mipira ya matambara, vikombe. Watandikiwe mkeka wao, na kila kikao mama wawili kwa zamu wakae nao. Mfuko wa jamii hautaguswa hata shilingi moja. Na yeyote anayetaka kuomba mkopo wa ada ya mtoto wa miaka mitatu, akae kwanza zamu mbili kwenye mkeka huo, aone mwanawe anajua nini tayari. Baada ya hapo aamue mwenyewe, hatutamzuia.

Hisa hatukuzinunua zote siku moja. Tuliweka kidogo kidogo, kila kikao, na leo tunasherehekea. Mtoto naye tumwekee hivyo hivyo.

Kikundi hoyee! Watoto wetu hoyee!