Kifaa cha Kutafutia Samaki: Tununue Kipi, na kwa Kazi Gani?

(Mada iliyotolewa kwa vikundi vya wavuvi wa Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania)

Tumeombwa tuzungumzie vifaa vya kutafutia samaki vyenye GPS, kwa kuwa vikundi kadhaa vimeanza kuweka akiba ili vinunue. Tuseme ukweli mapema: sisi tulishanunua kimoja, na tulikosea. Tunawasimulia ili ninyi msirudie kosa letu.

Tulichagua chenye kioo kikubwa kwa sababu muuzaji alikisifia. Betri tukatumia ya pikipiki. Usiku mmoja, kabla ya mapambazuko, betri ikaisha mtumbwi ukiwa mbali, nchi kavu haionekani na upepo umeanza kuvuma. Vijana wetu walikuwa wamezoea kutazama kioo, wakaacha kutazama nyota na milima kama walivyofundishwa na wazee. Walitua saa nne asubuhi kwenye mwalo wasioujua, mafuta yakiwa yamebaki kidogo sana. Huku nyumbani wake zao walisimama ufukweni tangu alfajiri. Tunashukuru kwamba wote walirudi.

Tangu siku ile msimamo wetu ni huu: kazi ya kwanza ya kifaa hiki ni kumrudisha mvuvi nyumbani. Kumwonyesha samaki ni kazi ya pili. Mkichagua kwa mpangilio huo, hamtadanganyika dukani.

Tuanze na jinsi kinavyofanya kazi. Kichwa chake kinachokaa majini hutuma sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Sauti hiyo hugonga samaki au chini ya ziwa, kisha hurudi, na kifaa hupima muda uliopita. Ndani ya samaki, kinachorudisha sauti zaidi ni bondo, kwa sababu lina hewa. Yaani bondo lile lile la sangara mnalouza kwa bei nzuri ndilo linalomfichua. Lakini kifaa hakiwaambii kama ni sangara au sato. Tena kinaona eneo dogo: kichwa chenye upana wa nyuzi 20, penye kina cha mita 30, kinaona duara la mita 10 hivi tu.

GPS nayo hupokea mawimbi kutoka kwenye satelaiti. Haihitaji mtandao wa simu. Ila kwa kuwa inapokea tu, haiwezi kuwaitia msaada. Wengi hawalijui hili.

Sasa tuangalie mambo matano ya kuzingatia mnaponunua.

Kwanza, umeme. Ulizeni kifaa kinatumia ampea ngapi. Kikitumia nusu ampea, kwa safari ya saa 12 kitakula ampea-saa 6. Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo mnahitaji ya ampea-saa 12 au zaidi. Hapo ndipo sisi tulipokosea.

Pili, kina. Ziwa letu, pale penye kina kirefu kabisa, ni mita 80 hivi. Kifaa cha masafa ya kilohezi 200 kinatosha. Msilipie nguvu ya kuvulia baharini.

Tatu, ramani. Vingi huuzwa vikiwa na ramani za maziwa ya Marekani au Ulaya, ambazo hapa hazina kazi. Tafuteni kinachowawezesha kuhifadhi alama zenu wenyewe: mwalo wa nyumbani, miamba, na mahali mlipotega nyavu.

Nne, uimara. Alama ya IPX7 maana yake kinaweza kuzama mita 1 kwa nusu saa bila kuingiza maji. Kiwasheni juani kabla ya kulipa, muone kama kioo kinasomeka. Kichwa chake kifungwe mbali na pangaboi, kwani mapovu huvuruga sauti.

Tano, namba za mahali. Mpaka wetu na Uganda ziwani unafuata latitudo nyuzi 1 kusini. GPS ikionyesha kusini nyuzi 1 na dakika 5, mko Tanzania, kilomita 9 hivi kutoka mpakani. Ikishuka chini ya nyuzi 1, mmeshavuka. Mvuvi anayejua kusoma namba hiyo anajiepusha na kukamatwa na kunyang'anywa nyavu.

Kama fedha hazitoshi, msikope kwa haraka. Simu nyingi za kisasa zina GPS inayofanya kazi hata pasipo mtandao, na inaweza kuhifadhi alama ya mwalo wenu. Ifungeni isilowe. Na kabla ya yote, kila aliyemo mtumbwini awe na jaketi la kuokolea maisha. Kikundi chenye kifaa kizuri bila majaketi kimeanza na cha mwisho.

Tukumbuke pia kwamba kuwaona samaki si ruhusa ya kuwamaliza. Sangara wa chini ya sentimita 50 bado ni mtoto, aachwe akue.

Na wazee wetu mliopo hapa, tunawaomba mwendelee kuwafundisha vijana nyota, upepo na milima. Betri huisha, maarifa hayo hayaishi.