Anwani Mbili, Chumba Kimoja



Mtu akipanda teksi mjini Jeddah na kuomba apelekwe Barabara ya Tahlia, dereva haulizi mara ya pili. Hata hivyo jina rasmi la barabara hiyo ni la Mwanamfalme Mohammed bin Abdulaziz. Ajabu ni kwamba Riyadh nako, umbali wa zaidi ya kilomita 800, kuna Tahlia nyingine, na jina lake rasmi ni la mwanamfalme huyo huyo. Sisi wageni tunaofanya kazi nchini Saudi Arabia tumekwisha kuzoea.

Mambo hayo mawili, mahali pamoja penye majina mawili na jina moja la mahali pawili, huwasumbua pia mafundi wa programu za kompyuta.

Kumbukumbu ya kompyuta ni mfano wa mtaa wenye vyumba vingi, kila chumba na namba yake. Lakini programu haizioni namba halisi. Mfumo endeshi huipa anwani za dhahania, ambazo prosesa huzifasiri. Ndiyo maana programu mbili zaweza kutumia namba ile ile bila kugongana, kama Tahlia ya Riyadh na ya Jeddah. Na ndiyo maana chumba kimoja chaweza kuwa na anwani mbili, hata ndani ya programu moja.

Hapo hitilafu hupata maficho. Tuchukue mfano wa kubuni: programu ya kutuma fedha, anayoitumia kibarua wa Jeddah kupeleka mshahara Mombasa. Salio lake linapungua bila sababu. Fundi anafungua dibaga, yaani programu ya kusakia hitilafu, na kuweka lindo kwenye anwani ya salio, ili chochote kikiandika hapo kazi isimame. Salio linapungua tena, na lindo liko kimya! Fundi mchanga ataituhumu mashine. Kumbe mwandishi amepitia anwani ya pili. Katika prosesa za jamii ya Intel, tangu 80386 ya mwaka 1985, lindo la namna hii hulinganisha anwani ya dhahania, wala si chumba halisi.

Dawa yake ni kuuliza kwanza mfumo endeshi. Linux, kwa mfano, huweka orodha ya maeneo yote ya kumbukumbu ambayo programu imepewa. Maeneo mawili yakionekana kuwa ya faili moja na kuanzia sehemu ile ile ya faili hiyo, fundi hupima umbali wa salio kutoka mwanzo wa eneo la kwanza, akahesabu umbali huo huo katika la pili, kisha akaweka lindo kote kuwili. Programu zikiwa mbili, kila moja huwekewa lindo lake.

Tatizo ni kwamba prosesa hizo zina nafasi 4 tu za malindo. Anwani zikizidi, fundi huyafunga maeneo yote husika yasiandikike, na kila anayejaribu kuandika hukamatwa. Programu itakwenda polepole mno, lakini mwandishi atajulikana.