Nauli ya Mjumbe

Msikilizaji, Mtaa wa Lumumba hapa Dar es Salaam unapita ubavuni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, na mtaani humo ndimo ilimo Ofisi Ndogo ya Makao Makuu ya CCM. Tarehe 1 Machi 2019 Edward Lowassa aliingia pale akitokea chama cha upinzani, Chadema, akapokewa na mwenyekiti wa chama, Rais John Magufuli, kwa shangwe ya mwana aliyerudi kwao.

Siyataji haya ili kumsema marehemu. Lowassa alitangulia mbele ya haki Februari 2024. Tuhuma za mkataba wa umeme wa Richmond zilizomng'oa kwenye uwaziri mkuu mwaka 2008 alizikana, na mahakamani hakufikishwa. Ninaowatazama ni sisi tuliokuwa tukipiga makofi. Septemba 2007, pale Mwembe Yanga, Temeke, Dakta Willibrod Slaa wa Chadema alisoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Julai 2015 chama hicho hicho kikamfungulia mlango, kikampa tiketi ya urais, naye akazoa kura zaidi ya milioni 6. Slaa akajiweka pembeni. Waliokuwa wakimwita fisadi wakaanza kudai ushahidi, na waliokuwa wakidai ushahidi wakaanza kumwita fisadi. Kilichobadilika ni kadi iliyokuwa mfukoni mwake, basi. Mwaka 2019 kadi ikabadilika tena, na vijiweni Kariakoo watu wakabadilishana hoja zao bila hata kuzipangusa vumbi. Labda ni mazoea ya mitaa hii yenye Simba huku na Yanga kule: penalti ni halali ikiwa ya kwetu.

Sasa tuje kwenye fedha.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, nyuma ya duka la vitenge Mtaa wa Uhuru, nilionyeshwa daftari. Daftari la shule, la kurasa 80, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mwenyewe alikuwa mpambe wa mtia nia. Chama sikitaji, maana ukikijua utaacha kunisikiliza uanze kushangilia. Ndani kulikuwa na jina la mjumbe, tawi lake na namba yake ya simu. Safu ya mwisho haikuwa na kichwa, ila alama za tiki. Wengine tiki moja, wengine mbili, na wachache alama ya kuuliza. Nikamuuliza hizi tiki ni za nini. Akanijibu bila kupepesa macho: sisi tunawasaidia nauli, wanaohonga ni wale. Hao "wale" ni chama kingine, na bwana huyu nilikuwa nimemsikia wiki ile ile akikilaani kwenye benchi la kahawa mpaka kashata ikamkwama kooni.

Hakuwa anadanganya, nadhani. Aliamini. Na hapo ndipo kazi ilipo.

Tutazame hesabu yenyewe. Mahali ambapo chama kina uhakika wa kushinda, uchaguzi wa kweli ni kura za maoni. Siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba, ni ya kuthibitisha. Sasa kura za maoni zikiwa za wajumbe mia kadhaa wanaojulikana kwa jina, tawi na namba ya simu, daftari moja linatosha. CCM wanalijua hilo, ndiyo maana wamekuwa wakiugeuza utaratibu kila baada ya muda. Mwaka 2010 walifungua kura kwa wanachama wote, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ikawa na msimu wa kuwakamata watia nia. Mwaka 2020 kura zikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, zikahesabiwa hadharani. Hapo ndipo tulipopata ule msemo wa wajumbe si watu wazuri: wametumia gari lako, wamekula chakula chako, wamekupa kura tatu. Tulicheka nchi nzima. Sikumbuki wangapi walimuuliza mlalamikaji kile chakula kilikuwa cha nini.

Mwaka 2025 wapiga kura wakaongezwa tena, ila juu yao Kamati Kuu ikabaki na wembe wake: kabla ya kura inaamua nani apigiwe, na baada ya kura vikao vya juu vinaweza kumwacha aliyeongoza. Fomu ya ubunge ilikuwa shilingi 500,000. Wanaotetea wembe huo wanasema ndio dawa ya wanunuzi, kwamba ukimnunua mjumbe tutakukata. Inawezekana. Lakini mtu mwenye fedha si mjinga. Akishaona uamuzi uko ghorofani, hatapoteza muda uwanjani, atatafuta ngazi.

Usiniambie hili ni la kijani cha CCM peke yake. Mwaka 2024, mjini Iringa, Tundu Lissu akiwa makamu mwenyekiti wa Chadema alisimama jukwaani akasema kuna fedha zinamwagwa kwenye chaguzi za ndani za chama chake, akahoji zinatoka wapi. Wapo makamanda wa Chadema waliokasirika. Hasira yao haikuwa juu ya fedha, ilikuwa juu ya aliyezitaja nje ya vikao. Januari iliyofuata, ukumbini Mlimani City, alimshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482, na ghafla kila mtu alikuwa ameichukia rushwa tangu utotoni.

Sheria nayo imewahi kuwa na ndimi mbili. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi, likaruhusu takrima: ukarimu wa kawaida wa mgombea, kwa nia njema, usihesabiwe rushwa. Tukafanya chaguzi mbili, 2000 na 2005, pilau likiwa halali. Aprili 2006 Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao wa LEAT na NOLA, ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakiuka Katiba. Mgombea maskini hana pilau la kukirimu, kwa hiyo hasimami sawa na tajiri. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na uteuzi wa ndani ya vyama ukaingizwa humo humo. Kwa hiyo zile tiki za nauli zina sheria yake. Na mwanachama wa CCM, katika ahadi zake, anaapa kwamba rushwa ni adui wa haki, hatapokea wala kutoa.

Nauli. Neno hili linaniudhi kwa sababu ya mtaa tulipo. TANU ilizaliwa hapo hapo Lumumba, Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alitakiwa kwenda New York, kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na chama hakikuwa na fedha. Watu walichanga. Wa Kariakoo, wa Gerezani, watu wa ada na senti za mfukoni. Mwanachama alimlipia kiongozi nauli, na akirudi alikuwa na haki ya kumuuliza umesema nini huko. Leo mtia nia ndiye anayemlipia mwanachama nauli kutoka Buguruni mpaka ukumbini. Nani atamuuliza nani?

Sheria ya 2010 inawataka wagombea na vyama wampelekee Msajili wa Vyama taarifa za gharama zao. Mimi ningependa sehemu ya kura za maoni ibandikwe ukutani, kata kwa kata, kabla ya kampeni kuanza, tusome nani alitumia ngapi na kwa nini. Na kwenye benchi la kahawa, wa kijani aanze na karatasi ya kijani, wa gwanda la Chadema aanze na ya gwanda. Ya jirani ataikuta, haina haraka.