Kidole Kabla ya Neno: Usonji na Uzushi wa Lugha Nyingi Mpakani



Nimeombwa nizungumzie dalili za usonji kwa watoto. Nitazizungumzia, ila kwanza nina ugomvi wa kumaliza. Hapa Tunduma kuna rai inayopita bila kusimamishwa, wakati malori yetu ya kwenda Nakonde, ng’ambo ya mpaka, yanapanga foleni. Inasema kwamba mtoto wa miaka mitatu asiyeongea amechanganywa na lugha. Kwa baba Kinyamwanga, kwa bibi mzaa mama Kinyiha, sokoni Kibemba, mtaani Kiswahili, na siku hizi shule ya awali inamdai Kiingereza. Dawa, tunaambiwa, ni kuchagua lugha moja na kusubiri.

Nimeisikia rai hiyo kwa watu wenye shahada. Mama mmoja mfanyabiashara wa mpakani aliambiwa na mtaalamu aache kabisa kumsemesha mwanawe Kinyamwanga. Akatii. Kikabaki Kiswahili chake cha bei na chenji, maana ndicho alichonacho. Bembelezi, vitendawili na utani vikaondoka nyumbani. Mtoto hakuongea. Nilipomwuliza kama mwanawe humwonyesha vitu kwa kidole, alifikiri kidogo, kisha akasema: “Haonyeshi, mwalimu. Hunishika mkono akaupeleka kwenye kopo la maji, kama vile mkono wenyewe si wa mtu.” Hilo jibu lilitosha kumwanzishia safari ya uchunguzi. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Habari za waliouelezea usonji mwanzoni, za Leo Kanner na watoto 11 aliowaandika mwaka 1943, za Hans Asperger wa Vienna mwaka uliofuata, na za Grunya Sukhareva wa Moscow aliyewatangulia wote wawili, wanafunzi wangu wanazijua, wengine mtazisoma. Nadharia ya kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo, iliyopigiwa debe na Bruno Bettelheim, nayo imekwisha kuzikwa. Naitaja kwa sababu moja tu: rai ya lugha inamrudisha mama yuleyule kizimbani.

Sasa tuipime. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za pacha nchini Uingereza, kila jozi ikiwa na angalau mmoja mwenye usonji. Katika jozi 11 za pacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za pacha wasiofanana, hakuna hata moja. Watafiti wale walikuwa wanatafuta urithi wa vinasaba. Ugomvi wetu wa mpakani haukuwahusu. Lakini tazameni walichotuachia. Pacha wasiofanana hunyonya ziwa moja na kusikia lugha zilezile kutoka vinywa vilevile, siku moja, chumba kimoja. Kama maneno ya nyumbani ndiyo yanayomvuruga mtoto, huyu wa pili kasalimikaje? Jozi 21 ni chache, nakiri, ila tafiti kubwa za pacha zilizofuata zimeendelea kuonyesha uzito wa vinasaba.

Atakayesema kwamba lugha nyingi, hata kama hazianzishi usonji, zinauzidisha, namwelekeza Montreal. Mwaka 2012 Catherine Hambly na Eric Fombonne walichapisha ulinganisho wa watoto 75 wenye usonji, wengine wa lugha moja, wengine wa lugha mbili. Wale wa lugha mbili hawakuwa wamechelewa zaidi. Basi yule mama alinyang’anywa lugha yake bure.

Folstein huyohuyo tunakutana naye tena nyumbani kwetu. Mwaka 2006 yeye, Raymond Mankoski, Noah Ndosi na wenzao walitoa makala kuhusu watoto 20 wa Tanzania. Makala hiyo nimeisoma mpaka karatasi zimelegea. Watoto 14 walitimiza vigezo vya usonji. Watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri hadi miezi 22, 35 na 42, kisha usonji ukajitokeza walipopona malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Kwa wengine wanne uhusiano na malaria ulikuwa wa kukisia, kwa kukosa kumbukumbu za kutosha au kwa sababu huenda walikuwa na ucheleweshi tangu awali. Saba waliobaki malaria haikuwahusu. 

Wenzangu wananionya: watoto watatu hawajengi nadharia, na kumbukumbu za mzazi huteleza. Ni kweli. Pia umri ambao usonji hudhihirika ndio umri ambao malaria huwaandama watoto, kwa hiyo mawili hayo yanaweza kukutana kwa bahati tu. Nimeyapima yote hayo, na bado nashikilia langu: katika mkoa wenye bonde la joto na malaria kama la Kamsamba, historia ya mtoto isiyouliza degedege na tarehe zake haijakamilika. Isitoshe, mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza anaiangusha rai ya lugha peke yake. Lugha za nyumbani hazikubadilika usiku mmoja.

Tutazame nini basi? Masikio yapimwe kwanza, kwa kuwa mtoto asiyesikia naye huchelewa kusema. Lakini yeye hukuonyesha ndege kwa kidole, kisha hukugeukia usoni kuona kama nawe umemwona. Mtoto aliyechanganya Kinyiha na Kiswahili hufanya vilevile. Mwenye usonji mara nyingi hafanyi. Kufikia mwaka mmoja huenda hageuki akiitwa jina. Hupanga vizibo mstari mmoja kwa saa nzima, huzungusha gurudumu la kigari badala ya kukiendesha, huziba masikio lori likipiga honi, hulia kwa uchungu mkibadili njia ya kwenda sokoni. Dalili moja pekee haitoshi. Zinatazamwa kwa pamoja. Wapo pia waongeaji hodari, wanaokariri tangazo la redio neno kwa neno lakini hawawezi kupokezana mazungumzo. Hao rai ya lugha haiwaoni kabisa, na wasichana ndio hupitwa zaidi bila kutambuliwa.

Ndugu wauguzi, mtoto hurudi kliniki akiwa na miezi 18 kwa dozi ya pili ya surua na rubella. Chanjo haina hatia ya kuleta usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyoishuku iliondolewa na jarida la The Lancet mwaka 2010. Itumieni ziara hiyo. Mwulizeni mama, kwa lugha anayoota nayo, hata kama itabidi mumwite jirani atafsiri: mwanao hukuonyesha vitu kwa kidole? Aliwahi kuwa na maneno yakapotea? Jibu likiwatia shaka, mwandikieni rufaa siku hiyohiyo, na mwacheni arudi nyumbani na Kinyamwanga chake.